Kabla Hujanunua Nyumba ya Kupangisha, Hesabu na Miezi Itakayokaa Tupu

Dalali atakuonyesha pango la mwezi mara 12, kwa sababu hesabu hiyo inavutia. Tuseme nyumba inauzwa 12,000,000 na inapangishwa 100,000 kwa mwezi. Hiyo ni 1,200,000 kwa mwaka, asilimia 10 ya bei. Sasa anza kutoa: mwezi mmoja bila mpangaji, 100,000, matengenezo, asilimia 10 ya pango, 120,000, bima na kodi ya jengo, tuweke 60,000, msimamizi anayechukua asilimia 8 ya kinachokusanywa, 88,000. Kinabaki 832,000, kama asilimia 6.9.

Ukikopa 8,400,000 kwa riba ya asilimia 8, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia 672,000. Unabaki na 160,000, na hapo hujarejesha mtaji wa mkopo. Riba ikifika asilimia 10, umeshaingia hasara kabla bomba moja halijapasuka. Nyumba ambayo haivumilii mwezi mtupu na riba kupanda kidogo, iache hata kama ni nzuri kiasi gani.

Ukienda kuikagua, nenda baada ya mvua. Kona moja ya dari iliyopakwa rangi mpya wakati kwingine ni kuukuu kwa kawaida inaficha doa la maji. Fungua kabati la chini ya sinki, pitisha mkono nyuma ya bomba, unuse. Kisha funga mabomba yote, soma mita ya maji, subiri saa nzima, soma tena. Namba ikiwa imesogea, maji yanavuja mahali. Mara nyingi ni choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi lake na usiflashi kwa dakika 20: rangi ikishuka kwenye bakuli, vali haizibi. Hilo ni tatizo la bei ndogo. Bomba linalovuja chini ya sakafu ni habari nyingine, na lipunguziwe kwenye bei.

Hati miliki ithibitishe mwenyewe au kwa mwanasheria wako kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, si kwa nakala aliyokuletea muuzaji. Tafuta rehani, kesi, na wamiliki wenza ambao hawajasaini.

Mpangaji mchunguze kwa mwenye nyumba wa zamani kidogo, si wa sasa tu. Wa sasa anaweza kumsifia ili amwondoe. Funguo zisitoke kabla mkataba haujasainiwa na pango la kwanza pamoja na amana kuingia. Ahadi ya "nitamalizia wiki ijayo" ndiyo mwanzo wa malimbikizo mengi.

Siku ya kukabidhi, pitieni chumba kwa chumba mkiwa wote wawili. Piga picha zenye tarehe, andika namba za mita na idadi ya funguo, sainini wote, kila mmoja abaki na nakala. Bila karatasi hiyo, ugomvi wa amana hauna ushahidi, ni neno lako dhidi ya lake. Na amana uiweke akaunti ya peke yake. Si mapato yako.

Pango likichelewa, kumbusha siku inayofuata kwa maandishi, kisha toa notisi kama mkataba na sheria zinavyotaka. Usikate maji wala umeme, usibadilishe kitasa. Katika nchi nyingi hilo ni kosa, na mdaiwa wako anageuka mlalamikaji.

Kuhusu kupandisha pango: asilimia 5 kwenye mfano wetu ni 60,000 kwa mwaka. Mpangaji mzuri akihama kwa ajili yake, mwezi mmoja mtupu unakula 100,000, ukiacha rangi, usafi na ada ya dalali. Zungumza naye miezi miwili kabla mkataba haujaisha, ujue anabaki au anaondoka, ndipo upange kiwango.