Kabla hujapokea wanafunzi wodini

Nimesimamia wanafunzi wa afya wodini kwa miaka mingi, na namna msimamizi anavyopatikana mara nyingi ni ile ile. Inchaji, yaani muuguzi anayeongoza wodi, anatazama ratiba ya zamu, anaona nani yupo asubuhi, anasema, "Hawa utakuwa nao wewe." Basi. Unachaguliwa kwa sababu u hodari wa kazi. Lakini unaweza kuwa fundi wa kuweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, na bado usijue la kufanya unaposimama pembeni, mikono ya mwenzio ikitetemeka juu ya mshipa na mgonjwa anawatazama nyote wawili. Hiyo ni kazi nyingine, nayo ina mafunzo yake. Ukiteuliwa, yaombe, tena kabla wanafunzi hawajafika.

Ukipata nafasi ya kujifunza jambo moja tu, jifunze kuuliza. Mwaka 1992, Neher na wenzake, walimu wa tiba ya familia nchini Marekani, waliandika njia fupi ambayo hadi leo inafundishwa kwa wasimamizi: mwache mwanafunzi aseme anavyofikiri, aeleze sababu zake, mpe kanuni moja, mtajie alichofanya vizuri, kisha mrekebishe. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na muda, yaani sisi.

Chukua chati ya vipimo. Mwanafunzi anakuletea presha, joto, mapigo ya moyo, na upumuaji 20. Unafungua ya kitanda cha pili, 20. Cha tatu, 20. Ni rahisi kumfokea hapo hapo mbele ya wenzake, na kesho atakuandikia 18 na 22 ili usigundue. Mimi humrudisha kitandani. "Unamwonaje huyu, anapumua vizuri?" Akijibu, namuuliza, "Umejuaje?" Hapo ndipo macho yake yanashuka kifuani kwa mgonjwa. Tunahesabu pamoja dakika nzima, tunapata 32. Kwanza daktari anaitwa, maana mgonjwa hasubiri somo. Kisha namwachia kanuni moja tu: mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na pumzi mara nyingi huanza kubadilika mapema, wakati presha bado inaonekana nzuri. Namwambia presha ameipima sawasawa, kwa sababu kweli ameipima sawasawa. Halafu namweleza kwa utulivu, tukiwa wawili, kwamba namba ambayo hukuihesabu haiandikwi.

Maoni ya aina hiyo yanafaa kwa sababu yanahusu kitendo. "Jitahidi zaidi" hayamsaidii mtu, na "wewe mvivu" yanamfunga masikio.

Sasa lile gumu kuliko yote: kuandika kwamba mwanafunzi hajafikia kiwango. Mwaka 2003 Kathleen Duffy alichapisha utafiti wake wa Uskoti kuhusu wasimamizi wa wanafunzi wa uuguzi waliowapitisha wanafunzi ambao wao wenyewe waliwatilia mashaka. Ukiusoma utajiona. Tunachelewa kusema, tunamhurumia mwanafunzi aliyefika mbali kimasomo, tunahofia kubaki peke yetu akikata rufaa. Ninavyoona mimi, huruma hiyo inalipiwa na mgonjwa ambaye hatujamwona bado. Kwa hiyo andika mapema: tarehe, zamu, ulichokiona kwa macho yako. "Ametoa dawa bila kuthibitisha jina la mgonjwa" ni kumbukumbu. "Hayuko makini" ni manung'uniko. Mpigie mwalimu wa chuo wiki ile ile mashaka yanapoanza, na mwanafunzi mwenyewe ajue, apate muda wa kujirekebisha. Wengi hujirekebisha.

Wala usikubali kubeba uamuzi huo peke yako. Uingereza, baraza linalosimamia wauguzi na wakunga lilitoa viwango mwaka 2018 vinavyotenganisha anayemsimamia mwanafunzi kila siku na anayempima. Hata pale ambapo utaratibu huo haupo, unaweza kumwomba mwenzako akae nawe siku ya tathmini. Mwanafunzi naye atauliza kwa uhuru zaidi akijua kila swali lake haligeuki alama.

Kwa wakuu wa idara: usimamizi ni kazi, si fadhila. Mkimpa muuguzi wanafunzi watano na idadi ile ile ya wagonjwa, mmeamua nani atakosa huduma, ila hamjasema. Mpunguzieni wagonjwa siku hizo, na muda wa kufundisha uonekane kwenye ratiba. Wapeni wasimamizi wa wodi mbalimbali hata saa moja kila mwezi wakae pamoja wazungumze. Huko ndiko nilikojifunza mengi kuliko semina yoyote.

Nawe unayeanza, kabla ya siku ya kwanza mwombe mwalimu wa chuo vitu viwili: malengo ya mafunzo ya kundi hilo kwa maandishi, na namba ya simu ambayo anaipokea. Ipige mara moja wakati hakuna tatizo, uone kama inapokelewa. Isipopokelewa, mjulishe inchaji siku hiyo hiyo.