Ni mishipa gani, mwanangu

Mwanangu, voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili. Umeuliza, mama kama ugonjwa ni wa mishipa ya damu mbona kilichokufa ganzi ni mguu, na je mguu utarudi kama zamani? Hata mi mwanzo nilichanganya mana sie vyote tunaita mishipa tu. Kumbe ipo ya damu na ipo ya fahamu, na huu wa fahamu nao unakula, unalishwa na vimishipa vya damu vidogo mno. Sasa kinga ya mwili wangu ndo imevishambulia hivyo vidogo, vikavimba vikaziba, mshipa wa fahamu ukafa njaa.

Unakumbuka ile pumu iliyonianza ukubwani na mafua yasiyoisha? Ugonjwa ulianzia huko. Madaktari Churg na Strauss waliuandika Marekani mwaka 1951, wagonjwa wao nao walikuwa na pumu kali na chembe nyeupe za damu zinaitwa eosinofili zimejaa, zangu zilipopimwa zilikuwa juu vilevile.

Siku ya kwanza nimetoka bafuni, nafika sebuleni ndo naona kandambili ya kushoto sina, imebaki mlangoni na wala sikuhisi. Nikinyanyua mguu vidole vinaning'inia, unyayo unapiga sakafu pa, pa. Zahanati ya kwanza wakasema kiharusi, wakanichoma sindano za vitamini, wiki tatu zikapotea hivohivo na mpaka leo inaniuma, mana kabla hazijaisha kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kulia navyo vikafa ganzi. Kiharusi mara nyingi hushika mkono na mguu wa upande mmoja, hii ganzi yangu imeruka toka kushoto chini kwenda kulia juu, na hapo ndo daktari wa pili alishtuka.

Kurudi sitakudanganya. Predinisoloni, hivi vidonge ninavyomeza vya kutuliza kinga, inazima moto tu, haioteshi mshipa. Mshipa unaota wenyewe kama milimita 1 kwa siku, we piga hesabu toka juu ya goti hadi vidoleni, ni mwaka na ushee, na pengine usirudi wote. Shangazi yako anataka niache vidonge eti uso umevimba, naomba umpigie umwambie havikatwi ghafla, mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake, mtu anaweza kuzimia hata kufa.

Kile kifaa cha kushikilia unyayo ulichosema utatuma, ni mguu wa kushoto, navaa namba 39.

Mama yako