Kichwa kinagonga ikifika saa nane

SWALI: Nasukuma mkokoteni wa matunda Kariakoo. Tangu Januari, ikifika saa nane mchana kichwa kinagonga na misuli ya miguu inakaza, ingawa jioni nakunywa maji mengi. Nifanyeje?

JIBU: Maji ya jioni yamechelewa. Ukiwa juani, kunywa glasi moja kila dakika 20 hivi, kiu kisikutangulie. Misuli hukaza jasho likitoka na chumvi nyingi. Pumzika kivulini, unywe lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa kijiko, si kwa kiganja: chumvi ikizidi inadhuru. Mkojo ukifanana na chai ya rangi, maji bado hayatoshi. Ukianza kuropoka au kuanguka, wenzako wakumwagie maji, wakukimbize hospitali.