Kuanika nguo nyumba ya kupanga bila kupigilia msumari hata mmoja

Mwenye nyumba akishasema hataki misumari ukutani, wapangaji wengi huishia kutandaza nguo juu ya viti au kuzirundika kwenye nondo za dirisha. Zote mbili ni njia mbaya. Nguo iliyolala juu ya kiti hupata hewa upande mmoja tu, na ile ya kwenye nondo hutoka na mistari ya kutu ambayo sabuni ya kawaida haiitoi. Kinachofaa ni kamba inayofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni, ukuta ukabaki ulivyokuwa.

Nunua kamba ya manila ya unene wa milimita 6. Waya uache kabisa. Unashika kutu, na kwenye nyumba za bati ambako nyaya za umeme hupita chini chini, waya ukigusa bati au bomba lenye hitilafu ya umeme, anayeshika nguo mbichi anaweza kufa. Hata kamba ya manila usiifunge kwenye nguzo au bomba lolote linaloshika nyaya za umeme, wala kwenye mabomba ya maji ya plastiki, maana maungio yake huachia.

Kwa umbali wa mita 4, kata mita 13. Ikunje katikati, kisha zisokote nyuzi zake mbili mpaka kidole kisipenye kirahisi kati yake. Kamba iliyosokotwa hivi haihitaji vibanio: unapenyeza pindo la nguo kati ya nyuzi mbili na zenyewe zinalibana. Tena nguo hazitelezi kukusanyika katikati, jambo linaloharibu kazi kwenye kamba ya uzi mmoja.

Ule upande uliokunjwa, uzungushe kwenye nondo na upitishe ncha mbili ndani ya kitanzi chake, uvute. Upande wa pili, tengeneza kitanzi kidogo kwenye kamba yenyewe, kama sentimita 60 kabla ya kufika kwenye nondo. Zungusha ncha kwenye nondo, irudishe ipite ndani ya kitanzi, kisha vuta kuelekea kwenye nondo. Ndivyo wanavyokaza mizigo kwenye malori. Malizia kwa fundo la kamba ya kiatu, ili jioni uvute ncha moja tu na kamba ifunguke. Funga kwenye kona ambapo nondo imechomelewa kwenye fremu, usifunge katikati ya nondo nyembamba, na uzungushie kitambaa ili rangi isichubuke. Kama fremu imeshikiliwa na skrubu fupi kwenye mbao, tafuta mahali pengine.

Sasa kosa kubwa kuliko yote: kukaza kamba kupita kiasi. Watu hudhani kamba iliyonyooka ndiyo imara. Chukua nguo mbichi za kilo 10 zilizosambazwa vizuri kwenye kamba ya mita 4. Kamba ikilegea sentimita 10 tu katikati, kila upande unavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 50. Iache ilegee sentimita 40, na mvuto unashuka hadi kilo 12 au 13. Nguo ni zile zile. Ndiyo maana fremu zinang'oka na nondo zinapinda huku mtu akilaumu kamba. Ukitaka kamba iwe juu bila kuvuta sana, tumia mti wenye panda, kama wanavyofanya kijijini: uinulie kamba katikati. Umbali unagawanyika mara mbili, na hata ikilegea sentimita 10 kila kipande, mvuto ni ule ule wa kilo 12. Kwenye vigae, weka kandambili kuukuu chini ya mti ili usiteleze.

Wengine humwaga zege kwenye ndoo ya lita 20 na kusimika bomba, wapate nguzo inayohamishika. Ndoo hiyo inafika kilo 45 au zaidi na inaonekana haitikisiki. Lakini bomba la mita 1.8 ni wenzo: mvuto wa kilo 4 hivi juu yake unatosha kuipindua. Zege ndani ya tairi kuukuu la gari linasimama vizuri zaidi kwa sababu kitako ni kipana, na hata hilo liongezee kamba ya nyuma iliyofungwa kwenye kigingi.

Kukamua kuna uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Nguo ya pamba iliyokamuliwa kwa mkono mara nyingi hubaki na maji yanayokaribia uzito wake ikiwa kavu. Kilo 4 za nguo ni karibu lita 4 zinazopaswa kuondoka. Weka shati juu ya taulo kavu, lizungushe pamoja nalo, kisha kamua vyote viwili. Taulo litanyonya maji ambayo mkono hauwezi kuyatoa.

Jinzi igeuze ndani nje, uining'inize kwa kiuno kikiwa wazi kama bomba, mifuko ikiwa imetolewa nje. Shuka isikunjwe juu ya kamba moja. Tumia kamba mbili zilizoachana sentimita 40 hivi ili hewa ipite kati ya pande zake. Mashati kwenye henga, nafasi ya ngumi moja kati ya henga na henga. Nguo za ndani watu huzifunika kwa kanga ili majirani wasizione, na hapo ndipo zinaponuka uvundo. Anika kanga kwenye kamba ya nje na za ndani kwenye kamba ya pili, shibiri mbili nyuma yake. Stara inabaki, hewa inapita.

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo mtihani wenyewe. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na chumba kilichofungwa hakiwezi kukausha kitu. Yale maji ya nguo yanahamia ukutani na kwenye godoro, na kuvu inaanza kwenye kona nyuma ya kabati. Fungua dirisha na mlango au madirisha mawili yanayotazamana, weka feni mita moja kutoka kwenye nguo, ipulize ikielekea dirishani. Feni ya wati 50 kwa saa 8 inakula uniti 0.4 tu. Fua kidogo kidogo kila siku, usingoje Jumamosi ukajaza beseni tatu. Nguo ambayo imeshanuka uvundo haiponi kwa kuanikwa tena. Ifue upya kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, na uisuuze mara mbili.

Kuanika nje kivulini nako kuna hatari yake. Kuna inzi, Cordylobia anthropophaga, anayekwepa jua kali na kutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu. Buu likigusa ngozi linaingia na kuota kama jipu. Kwa hiyo kila kilichokauka kivulini, nepi za mtoto kwanza, kipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mipira ya kiuno. Nguo isiyovumilia pasi ianikwe ndani, kwenye dirisha lenye wavu.

Kwenye uwanja wa pamoja, anua mara zikikauka na ufungue kamba yako. Kamba tupu usawa wa shingo gizani imeshaumiza watu. Manila nayo inaliwa na jua. Ikianza kutoa vinyweleo vinavyochoma mkono, ni ya kutupwa.