Ukitoa mlango wa konsavatori, kibali kinahitajika

Ndugu, umeuliza kama kuunganisha sebule na konsavatori, yaani chumba cha vioo kilichoongezwa kwenye nyumba, kunahitaji kibali. Ndiyo, kwa England kuondoa mlango ulio kati yao kunahitaji kibali cha udhibiti wa majengo, yaani idhini kwamba ujenzi unafuata viwango, hata kama konsavatori yenyewe ilijengwa kihalali bila kibali. Iliyo chini ya mita za mraba 30 husamehewa kwa sababu imetengwa na nyumba kwa ukuta, mlango au dirisha la kiwango cha nje ya nyumba, na kipasha joto chake kinajitegemea. Ukiung'oa mlango ule, msamaha umekwisha: paa jepesi na vioo vyake sasa ni sehemu ya nyumba, na lazima vifikie viwango vya kuhifadhi joto. Hapo ndipo wengi hukwama. Ukipanua uwazi wa ukutani tu kisha ukaweka tena mlango wa kiwango cha nje, msamaha unabaki, ila boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi huo lazima ikaguliwe.

Nimeshiriki kazi hizi. Mkaguzi alitaka hesabu za mhandisi, kisha akaja kuitazama boriti ya chuma ikiwa wazi, kabla ya plasta. Peleka ombi kabla ya kubomoa, na udai cheti cha kukamilika. Siku ukiuza nyumba, wakili wa mnunuzi atakiulizia. Kama mlango umeshatolewa, omba halmashauri cheti cha kuhalalisha. Kibali cha mipango miji ni suala jingine kabisa.