Mnaoanza gofu, acheni kuupiga mpira kwa mikono

Nyie wageni mnaokuja kujifunza hapa Arusha, mtu akishapiga mi siangalii kwanza mpira umeenda wapi, naangalia nyasi zimeng'oka wapi. Ukipiga na aiani (fimbo yenye kichwa chembamba cha chuma), alama ianzie pale mpira ulipokuwa iende mbele. Ikianzia nyuma ya mpira ndo ile unapiga kwa nguvu zote afu mpira unaenda hatua chache unakufa. Ukikosa alama kabisa na mpira unakimbia chini chini, umeutopu, yani umeupiga juu ya kichwa chake. Na makosa yote mawili mara nyingi chanzo ni kimoja tu, uzito umebaki mguu wa kulia (nasemea wanaopiga kwa kulia) kwasababu mtu anataka kuunyanyua mpira. Usiunyanyue bwana. Aiani namba 7 uso wake umelala nyuzi zaidi ya 25, kunyanyua ni kazi yake.

Fimbo na mpira vinagusana kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, yani hujapata hata habari mpira umeshaondoka, kwahiyo mambo ya "nikifika pale nageuza kiganja" sahau, unachofika nacho pale kimeshaandaliwa na mwili tangu huku juu.

Kushuka kunaanzia chini. Fimbo ikiwa bado iko juu, uzito unahamia mguu wa kushoto, kiuno kinafunguka kuelekea unakopiga, mabega yanafuata, mikono inakuja mwisho kabisa. Waliofyeka nyasi shuleni wanalielewa hili haraka sana, maana hakuna anayesimamisha fyekeo kwenye jani, mwili unazunguka lenyewe linapita. Fimbo ikigusa mpira, kiuno kiwe kimeshafunguka nyuzi 30 hadi 45 hivi, mabega kidogo tu, mikono iko mbele ya mpira, mguu wa kushoto unanyooka. Mwambie mwenzio akurekodi kwa simu aipunguze spidi, chuma cha mbele cha mkanda kikiwa bado kinautazama mpira hapo, hujazunguka.

Ila kufunguka sio kusogea. Kuna watu kiuno kinaufuata mpira, mgongo unanyooka, mikono inakosa pa kupita, matokeo yake unaupiga na shingo ya fimbo unachomoka kulia hadi waliosimama pembeni wanainama. Dawa yake simama makalio yaguse ukuta kidogo, bila fimbo. Ukipandisha mikono kalio la kulia libaki ukutani, ukishuka la kushoto lichukue nafasi. Fanya nyumbani kila jioni, mwenye nyumba akiuliza mwambie daktari kasema.

Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ni habari nyingine, mpira uko kwenye tii (kijiti cha kuuinulia mpira) usawa wa kisigino cha kushoto na unaukuta fimbo imeshaanza kupanda, hapo hatutaki nyasi zing'oke.

Kwenye mazoezi chora mstari wa chokaa chini, piga nusu swingi (nusu ya mzunguko wa fimbo) bila mpira, alama zote ziwe mbele ya mstari. Na kiangazi kisiwadanganye, udongo ukikauka fimbo inayogonga nyuma inadunda na kuukuta mpira, mtu anajiona fundi, masika ikiingia udongo umelainika fimbo inazama, analaumu fimbo. Halafu hapa tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukishuka kucheza Moshi mpira utapungua umbali kidogo, swingi haijaharibika, ongeza fimbo tu, yani chukua inayopiga mbali zaidi.