Kumtafuta Malkia wa Nyuki na Kumtia Alama: Niliyojifunza Chini ya Mikorosho ya Msabaha

Kwa miaka miwili ya mwanzo nilifuga nyuki huku Msabaha, nje kidogo ya mji wa Malindi, bila kumwona malkia hata mara moja, wala sikuona kwamba nimepungukiwa na kitu. Mzinga uliokuwa na nyuki niliuhesabu kuwa mzima, na mtupu niliusubiri ujae tena. Kilichonizindua ni swali la mzee jirani yangu, fundi wa mizinga ya magogo tangu ujana wake, aliponikuta nikijisifia mavuno: "Mwanangu, hawa nyuki wa mwaka jana na hawa wa leo, una hakika ni wale wale?"

Sikuwa na jibu. Nyuki wetu wa pwani, mdogo wa umbo na mwenye umanjano, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera litorea, ni mwepesi wa kugawanyika na mwepesi zaidi wa kuhama akikosa maua, maji au utulivu. Mzinga ulioachwa unaweza kuingiwa na kundi geni baada ya wiki chache, nawe ukaendelea kuliandika katika daftari lako kama kundi lile la awali. Kwa sababu hiyo, kumtia malkia alama ya rangi mgongoni si pambo: ndiyo njia ya pekee niliyoipata ya kujua ni nani hasa ninayemfuga.

Kumpata ndiko kunakochosha. Kurina asali tunaweza kurina gizani, lakini kazi hii inataka mwanga, kwa hiyo mimi hufungua mzinga kuanzia saa kumi na nusu alasiri, joto likishapungua na kukiwa kumebaki muda mfupi tu kabla ya giza kuwatuliza nyuki waliochokozwa. Jua la jioni nalo ukilipa mgongo humulika hadi ndani ya vitundu vya sega. Kinu cha moshi nakijaza makumbi ya nazi makavu, ambayo huwaka polepole na kutoa moshi mpole. Kosa langu la muda mrefu lilikuwa kupuliza moshi kana kwamba nafukuza mbu. Nyuki wa kwetu wakizidishiwa moshi hukimbia juu ya masega kama maji, wakaning'inia kwenye pembe za mzinga kwa mafungu, na malkia hukimbia pamoja nao. Pulizo mbili au tatu mlangoni, kisha subira, zinatosha. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, ujue wameanza kuitana vitani. Ikizidi, funga mzinga urudi siku nyingine.

Usimtafute malkia kwanza. Tafuta mayai yake. Yai ni jeupe, dogo kuliko punje ya mchele, nalo husimama wima katika sakafu ya kitundu siku ya kwanza, huinama ya pili na kulala ya tatu kabla ya kuanguliwa. Sega lenye mayai yaliyosimama linakuambia kwamba malkia alipita hapo hivi karibuni, na mara nyingi hayuko mbali. Masega ya asali tupu yapite haraka. Unapoinua sega moja, tupia jicho kwanza uso wa sega linalofuata ndani ya mzinga, kwa kuwa malkia huukimbia mwanga na utamwona akitoroka, kisha zungusha macho kwenye kingo za sega ulilolishika kabla ya kuingia katikati. Katika mzinga wa KTBH (Kenya Top Bar Hive), ambao sega lake limeshikwa na ubao wa juu peke yake, usililaze sega hata kidogo; kwa joto letu la Malindi nta hulegea, na mimi nimeshaangusha majana, yaani watoto wa nyuki, ya wiki tatu chini kwa sekunde moja. Malkia mwenyewe utamtambua kwa tumbo refu linalozipita ncha za mabawa, kwa mgongo wa kifua wenye upara unaong'aa, na kwa namna vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, walio karibu wanavyogeuza nyuso zao kumwelekea.

Kabla ya kumshika, jizoeze kwa madume. Dume ana macho makubwa yanayokutana utosini na hana mwiba, hivyo ukimbana vibaya hasara yako ni ndogo. Nilitia rangi madume wengi kabla vidole vyangu havijaacha kutetemeka. Malkia hushikwa kwa mabawa au kifua, kamwe si kwa tumbo, maana humo ndimo mna mayai. Mwiba anao, ila ni nadra sana kumchoma mtu, kwa hiyo mkono mmoja waweza kuvuliwa glavu.

Rangi ina utaratibu wa kimataifa unaofuata tarakimu ya mwisho ya mwaka: nyeupe kwa 1 na 6, njano kwa 2 na 7, nyekundu kwa 3 na 8, kijani kwa 4 na 9, buluu kwa 5 na 0. Mwaka 2023 nilitumia rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu, nikafurahi kwamba imelingana na mwaka. Nilitia tone kubwa, nikamrudisha malkia ikiwa bado mbichi na inanuka, na vibarua wakamzingira wakamfumbata kama mpira mpaka akafa. Tangu siku hiyo natumia kalamu ya rangi ya maji, nukta ndogo kama kichwa cha pini kati ya mabawa, mbali na macho, vipapasio na shingo, na namshikilia mpaka ikauke. Namrudisha juu ya sega lenye majana, namtazama akitembea, nafunga, na sifungui tena kwa wiki nzima. Malkia mchanga ambaye bado hajaanza kutaga simgusi.

Baadaye utafungua mzinga ukute malkia asiye na alama. Huenda rangi imebanduka, lakini angalia masega kabla ya kuamua. Vijumba vya malkia, vinavyofanana na ganda la karanga, vikining'inia vingi pembezoni, kundi lako liligawanyika na huyu ni binti wa yule wa zamani. Vikiwa viwili vitatu katikati ya sega, vibarua walimbadilisha mama yao. Lakini ukikuta sega la zamani limekauka bila asali, na pembeni yake masega mapya meupe yameanza kujengwa, basi wale wako walikwenda zao, na hawa ni wageni. Anza ukurasa mpya katika daftari.